Mtahini Mkuu wa Sindano na Uzi

Bonny hakuwahi kutia uzi kwenye sindano maisha yake yote, lakini alikuwa ameahidi sare tisini. Mwalimu Nabangala, mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Kyambogo, alikubali kumlipa siku ya kupokea mzigo, wala si dakika moja kabla. Basi Bonny, tajiri wa maneno, akaingia soko la Kalerwe, hapo Kampala, kutafuta wa kumshonea bure.

Akawakuta mafundi wa cherehani wameacha kushona, wanalalamika. Redio ilikuwa imesema kwamba kila fundi atapimwa apewe leseni, na asiyekuwa nayo akae nyumbani.

"Kibanda tunalipia, taka tunalipia," alifoka Adyero, mke wa askari polisi. "Sasa na mikono yetu tulipie?"

Wapo watu wakisikia kilio hutoa pole. Bonny alikwenda kuazima tai.

Kesho yake alirudi na tai hiyo, faili na kalamu tatu za rangi tofauti, maana mkaguzi wa kalamu moja haogopwi na mtu.

"Mimi ni Mtahini Mkuu wa Sindano na Uzi," alitangaza. "Vyeti viko wapi?"

Akasimama Esperance, Mkongomani wa Bukavu, mama wa watoto wanne na mwenye cherehani moja.

"Patron, mimi nilifundishwa na mama yangu. Hakunipa karatasi, alinipa makofi."

"Makofi hayana muhuri, mama. Cherehani hii itabebwa."

Esperance aliikumbatia kwa mikono miwili. Kodi ilitoka humo, karo ilitoka humo, na posho ya jioni ilitoka humo humo. "Ukibeba hii, umebeba watoto wangu," alisema.

"Basi fanya mtihani!" Bonny alilainika ghafla, mtu wa huruma kweli kweli. "Kila fundi sare tatu, kitambaa chake mwenyewe, rangi ya damu ya mzee, saizi za miaka tisa hadi kumi na mbili. Mzigo ufungwe kwa lakiri, usifunguliwe ila mbele ya Baraza la Mitihani. Nachukua Ijumaa."

Mafundi walikuwa thelathini. Piga hesabu mwenyewe.

Wakakopa vitambaa, wakashona mpaka vidole vikauma. Jumatano Esperance alikuwa akikata kola, mkasi ukasimama hewani.

"Adyero, mtihani gani huu una saizi? Nani atauvaa?"

Adyero akatazama kitambaa, akapiga kofi paja lake. "Banange! Hii ni rangi ya shule ya Kyambogo! Binti yangu anasoma pale!"

Mwanzoni walitukana, kwa Kiswahili, Kiacholi na Kifaransa. Halafu Esperance akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na kibaraza kizima kikamfuata.

Ijumaa Bonny alikuta magunia matatu yamenona, yamefungwa kwa nta nyekundu. Alizikagua lakiri moja moja kwa kalamu ya kijani.

"Mmefaulu kufunga," alisema kwa heshima kubwa, akapakia kwenye bodaboda.

Ofisini Kyambogo, Mwalimu Nabangala alivua miwani. "Sare tena, ssebo? Mafundi wenyewe wameleta asubuhi. Nimeshawalipa, na kazi ya masweta ya muhula ujao nimewapa wao. Wewe umeleta nini?"

Bonny akapasua lakiri. Gunia la kwanza, mabaki ya vitambaa. La pili, mabaki. Katika la tatu, juu ya mabaki, palikuwa na vazi moja lililopigwa pasi likanyooka: shati na kaptula, rangi ya manjano, kama wanayovaa wale wageni wa serikali kule gereza la Luzira.

Masikini, mkono wa binadamu una mambo yake: akajipima kifuani. Mabega sawasawa. Mikono sawasawa. Hata kitambi kilikuwa kimeachiwa nafasi.

"Nani... nani alinipima?"

"Fundi akishamwona mtu, tepu ya nini?" Esperance alikuwa mlangoni, pini mdomoni, na nyuma yake Ojara, mume wa Adyero, ndani ya sare yake ya kazi, pingu mkononi.

"Twende, Mtahini," alisema Ojara. "Gari linangoja."

"Afande, ngoja kidogo," Esperance alimzuia, akapiga goti, akavuta upindo wa shati la manjano. "Geuka, patron. Nione mgongoni kama imekaa."