Naomba Mkwe Wangu Aandikwe kwa Jina Langu

Madhuben Ghanshyam,
Ghorofa ya tatu,
Upanga, Dar es Salaam.

Ndugu Afisa unayeshughulikia vibali vya wake na waume wa kigeni,

Salaam, na pole kwa foleni ninayoiona hapo kwenu kila nikipita.

YAH: MABADILIKO YA HALI YA NDOA AMBAYO MKE HANA KOSA

Mimi ni mzaliwa wa jiji hili, mjane wa marehemu Ghanshyam aliyekuwa na duka la vitambaa Kariakoo, na mama wa Vivek, ambaye ni raia. Mkwe wangu Rinkal alitoka Rajkot, India, akaingia nchini kwa kibali cha mke wa Vivek. Kibali hicho kinakwisha mwezi huu. Dirishani mlituambia kwamba hali ya wanandoa ikibadilika tusikae kimya, tuje tuseme. Basi nasema. Mwanangu amehama nyumbani na mkewe amebaki kwangu. Nasikia mke asiyeishi na mume anaweza kunyimwa kibali akarudishwa kwao, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Chanzo ni magoti. Vivek alitaka sote tuhamie Kariakoo, karibu na duka, eti ngazi za hapa zinaniumiza. Nikamwambia magoti ni yangu. Nyumba hii niliingia nikiwa bibi harusi, na bembea ya sebuleni niliyokalishwa siku ile bado inaning'inia palepale. Sisi Wagujarati bembea tunaiweka ndani, kama wengine wanavyoweka kochi. Tukarushiana maneno, akafunga begi, akasema yeye anatangulia. Anatangulia! Nilitegemea Rinkal amfuate mumewe. Hakwenda. Alisema mama habaki peke yake, akaingia jikoni kukanda unga.

Kwa kuwa sisi ni watu wa kufuata taratibu, naeleza mabadiliko yote, hata yanayoniuma:

1. Aliyebadilika ni Vivek. Kwa hiyo naomba kibali cha Rinkal kisomeke "mkwe wa Madhuben". Mume, kama ni lazima atajwe, awekwe kwenye mabano.

2. Lugha. Alikuja hajui hata kuitikia "Mambo?" Sasa anapatana bei Kariakoo mpaka wauza nyanya wanamwita shemeji. Siku moja nilimsikia mmoja kwenye simu akimwambia, "Shemeji, leo umechelewa, bro anakusubiri." Nilimuuliza ni shemeji wa nani, wakati mumewe tumeshamfuta. Akacheka tu. Naamini ni ukarimu wa Watanzania kwa wageni, na nawashukuru.

3. Saa za sokoni. Kila siku anaondoka mchana kwa bajaji ya jirani yetu Nassibu, anarudi jua likizama na fungu moja la mchicha. Nassibu anasema ni foleni. Mji huu nimeuishi umri wangu wote na sijaona foleni ya fungu moja la mchicha, lakini kijana wa watu nimemwamini.

4. Chakula. Tuko wawili, naye anakanda unga wa kulisha harusi. Hotipoti kubwa ya marehemu mume wangu mchana haionekani kabatini, usiku ipo, imeoshwa. Ameniambia kuna mtu mmoja mwenye shida anampelekea. Mgeni anayelisha wenye shida wa nchi hii mtamfukuza kwa uso gani?

5. Mashati. Kwa hasira niliyagawa mashati ya Vivek kwa muuza mitumba. Rinkal alimfuata mpaka soko la Mchikichini, akafukua marundo, akayanunua tena yote, isipokuwa lile la mistari lililokuwa limeshapata mwenyewe. Nilimwambia ni ujinga kununua nguo za mtu aliyetukimbia. Alilia kidogo, nami nikaenda chumbani nikalia zaidi. Halafu mashati yenyewe yanapotea, leo hili, kesho lile. Nimeacha kuanika nje.

6. Kutokana na hayo, nchi ikiona haiwezi kutubeba sote, mchukueni Vivek. Apelekwe Rajkot kwa wakwe zake, akaishi yeye kwa kibali cha mtu mwingine, aone raha yake. Mama mkwe wake ni mkali kuliko mimi. Huko hatatangulia popote. Rinkal apewe uraia wa Vivek na ile nafasi yake ya kuegesha gari hapa chini. Najua Vivek alizaliwa hapa. Nilikuwepo.

Ndugu Afisa, sitanii. Jioni huyu binti ananikanda magoti kwa mafuta ya ufuta huku akinisimulia habari za sokoni, nami najitia sisikilizi. Akiondoka, nyumba hii itabaki na bembea na mimi. Nampenda kama niliyemzaa. Sijawahi kumwambia, kwa hiyo nanyi msimwambie.

Nisalimie wenzako wote, mlinzi wa getini aliyenipa kiti chake, na yule dada anayepiga picha za vibali, aliyemkataza Rinkal kutabasamu na Rinkal akashindwa kujizuia.

Ni mimi mfuata taratibu,
Madhuben Ghanshyam

N.B. Nilikuwa naifunga bahasha, mlango ukafunguliwa. Rinkal ameingia na mchicha wake, na nyuma yake Vivek, amebeba hotipoti ya baba yake na kuvaa shati nililoligawa. Kumbe mwenye shida ndiye huyo. Kila mchana wanakula pamoja Kariakoo, katika nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja, wakingoja hasira zangu zipoe. Kitanda hawajanunua, lakini Rinkal ameshamleta fundi akatoboa dari na kutia kulabu za bembea yangu. Kwa hiyo ndoa haijabadilika hata kidogo. Kibali kiandikwe kama zamani, mabano myatoe. Anayebadilisha makazi ni mimi. Kama kuna fomu ya hilo, nitumieni Kariakoo kuanzia Jumatatu, maana mpaka Jumapili bado nimewanunia hawa wawili.