Tunatafuta Ushindi Mmoja

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Tumefika salama. Mizigo yote imefika isipokuwa wangu. Haidhuru.

Niandike mambo yalivyo, ili siku nitakapovishwa nishani asitokee mtu akadai ilikuwa kazi yake. Mimi ni meneja wa timu ya taifa ya wanaume ya mpira wa mikono. Tumeshiriki mashindano ya bara mara sita. Hatujashinda. Kwenye kumbukumbu za chama upo ushindi mmoja, kweli, lakini siku hiyo wapinzani walikula chakula kibovu hotelini wakashindwa kufika ukumbini. Hata hivyo wachezaji wetu wawili waliumia wakati wa kuwasubiri.

Sasa ni mara ya saba. Kabla ya safari mkurugenzi wa michezo alituita ofisini, akasema safari hii tulete ushindi, angalau mmoja, la sivyo timu inavunjwa na ukumbi wetu wa mazoezi unakuwa ghala la viti. Hakupandisha sauti hata kidogo. Hapo ndipo nilipoingiwa na baridi.

Kipa wetu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Wachezaji wanamwita Komeo. Alianza kuidakia timu ya taifa ana chunusi usoni, sasa ana mvi. Kwenye ndege aliniambia taratibu kwamba haya ndiyo mashindano yake ya mwisho, na kwamba angependa tu kujua kushinda kukoje. Niliguswa jamani. Nikamwambia aniachie mimi. Akanishika mkono, akanisihi nisifanye chochote. Hana makuu kabisa yule kijana!

Mechi yetu ya mwisho itaonyeshwa kwenye televisheni. Nimemwahidi mama mkwe kwamba ataniona. Amejibu kwamba ataamini akiona.

Kikwazo ni kimoja: Mkandaji, yule mchua misuli wetu. Amejibandika kwenye kiti cha karibu na Mama Kocha, mahali pangu kwa haki. Nikipita anacheka kwa pua.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Siku mbaya. Sina kosa.

Katika mchezo wetu wachezaji hupaka gundi maalumu vidoleni ili mpira ushikike. Kopo la gundi lilikuwa ndani ya mzigo wangu uliopotea. Nikajikausha, sikumwambia mtu. Nikateremka mtaani, nikampata fundi viatu, nikamweleza nataka gundi inayoshika sawasawa. Akasema yake haijawahi kulalamikiwa. Mtu mkweli.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno. Hakuna aliyedondosha mpira! Shida ikawa kuuachia. Winga wetu wa kushoto, tunamwita Mshale, aliruka juu, akarusha kwa nguvu zake zote, akatua ndani ya goli la wenzetu na mpira wake mkononi. Waamuzi wakatazamana. Komeo naye alidaka mpira mmoja safi sana, kisha akazunguka nao akiomba msaada.

Tumefungwa 34 kwa 11. Mkandaji alitumia mapumziko yote kusugua viganja vya watu kwa mafuta ya kupikia. Mama Kocha akauliza gundi hii imetoka wapi. Nikasema ni ya kisasa. Mama Kocha ni mwanamke wa maneno machache. Amenihamishia jukwaani, na kiti changu kwenye benchi kimepewa maboksi ya maji.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, alinikumbusha Mkandaji tukipanda basi. Nikamjibu kwamba sisi tumeshakubali kiasi cha kutosha, tupumzike kidogo kukubali.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Leo hatuna mechi. Nimefikiri sana. Kesho tunacheza na mabingwa watetezi, na hapo hata mimi sina la kufanya. Lakini Jumamosi, mechi ya mwisho, tunacheza na timu ya jezi za njano. Wanjano nao hawajawahi kushinda. Kwa hiyo wao wanatutegemea sisi, na sisi tunawategemea wao. Lazima tujue siri zao.

Nikachukua ovaroli na dekio kwenye chumba cha wasafishaji, nikaingia ukumbini Wanjano wakifanya mazoezi. Hakuna aliyenishuku! Kocha wao akanionyesha kwa kidole mahali penye jasho. Nikadeki. Nikainua macho niangalie wanavyoshambulia, nikaonyeshwa pengine. Nikadeki. Nahodha wao akanionyesha kwa ishara kwamba niongeze maji. Nikaongeza. Mwishowe nilikuwa nimedeki ukumbi mzima na siri sijapata hata moja. Waliondoka wakinipigia makofi, na mmoja akanipa biskuti.

Ndipo nikasoma ratiba mlangoni. Zamu iliyofuata ni yetu.

Sikuwahi kukausha. Mama Kocha ndiye aliyetangulia kuingia, kipenga mdomoni. Aliteleza kuanzia mlangoni hadi karibu na katikati, na kipenga kikalia njia nzima. Kifundo cha mguu kimevimba, kiatu hakiingii. Mkandaji akapiga magoti pale kwenye maji, akauliza kwa hasira ni nani aliyemwaga ndoo nzima. Nikasema wasafishaji wa siku hizi hawana uchungu na kazi. Komeo alilitazama dekio langu, akanitazama mimi, akaenda kupasha misuli.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Tumefungwa 29 kwa 20. Hatujawahi kufungwa vizuri hivi! Wachezaji wameanza kuulizana kama Jumamosi inawezekana. Hilo nalo linatisha. Watu waliozoea kufungwa hulala usingizi, lakini hawa leo hawakumaliza chakula.

Habari kubwa ni yangu. Kocha akitaka kusimamisha mchezo azungumze na wachezaji, ni lazima kadi ya kijani ipelekwe kwenye meza ya watunza saa. Ikitua mezani, honi inalia, saa inasimama, kila kitu kinasimama. Leo Mama Kocha alijikokota nayo kwa mguu mmoja, akafika tumeshafungwa mawili zaidi. Anahitaji mtu mwenye miguu. Mkandaji hawezi, kwa sababu kazi yake ni kushikilia barafu kwenye kile kifundo. Kocha msaidizi hatuna.

Nani amebaki? Hahaa!

Mama Kocha aliniambia akiwa amefumba macho. Nisimame karibu na meza. Kadi nisiiweke mpaka yeye mwenyewe aniambie weka. Alinitaka niyarudie maneno hayo mara tatu, nikayasema vizuri zote tatu. Mkandaji akaropoka kwamba huku ni kumkabidhi fisi bucha. Mwenye wivu ajinyonge. Nimefanya mazoezi ya kuweka kadi mbele ya kioo, uso mzito kidogo, ubavu wa kushoto kwenye kamera.

Nimempigia mke wangu simu. Amwambie mama akae mapema.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni. Kuna mtu anagonga mlango kwa viganja viwili. Nadhani ni Mkandaji. Atachoka.

Tuliingia mapumziko tukiongoza 12 kwa 10. Tukiongoza! Chumbani Mama Kocha alitaka kuhutubia, akafungua mdomo, akaufunga, akatugawia maji. Kila mtu aliogopa kuligusa lile jambo lisije likavunjika.

Kipindi cha pili Wanjano wakarudi na roho ya mtu anayefukuzwa. Wakasawazisha. Tukafunga. Wakasawazisha. Beki wetu mkubwa akatolewa dakika mbili kwa kumvuta mtu jezi, tukabaki sita. Komeo akadaka kwa mkono, kwa goti, kwa bega. Mpira mmoja aliudaka kwa uso, akaanguka, akainuka kabla hata Mkandaji hajainuka. Mimi nimemjua yule kijana tangu naposa kwao. Sijawahi kumwona vile.

22 kwa 22. Saa inakaribia kwisha. Refa akawapa Wanjano penalti. Nikashindwa kuangalia, nikamwangalia mtunza saa. Nikasikia mpira umegonga kitu na ukumbi umelia. Komeo kaupangua kwa mguu! Mpira wetu!

Vijana wakauzungusha. Kulia, kati, kushoto, kati. Mimi nimesimama mezani, kadi mkononi imelowa jasho. Nikaona saa inavyokufa. Nikaona mikono yao, na mashindano sita nimeitazama mikono ile ikidondosha mpira mwishoni. Wataudondosha, nikajua. Wanjano watakimbia nao, na sisi basi tena, ukumbi utajaa viti. Nikamtazama Mama Kocha. Amenyoosha kiganja, anapiga kelele bado, bado, bado! Nilimsikia vizuri tu. Lakini yeye alikuwa mbali na saa, mimi nilikuwa naiona kwa karibu. Na ile kamera, taa yake nyekundu ilikuwa inawaka, imenielekea mimi.

Nikaiweka.

Honi ikalia. Mshale alikuwa tayari hewani, mpira umeshamtoka mkononi. Ukaingia golini, kona ya juu. Ukumbi ukainuka! Nikainua mikono, nikamkumbatia mtunza saa, nikambusu kichwani. Vijana wakarundikana kwa Mshale. Mimi nikawa nangoja nibebwe.

Kisha nikaona waamuzi wanatikisa vichwa na kuionyesha ile kadi. Honi ilitangulia. Mpira ulikuwa haujavuka mstari. Goli si goli. Tumeomba kusimamisha mchezo wenyewe, na mchezo ukasimama. Ilibaki sekunde moja, tukarusha pasi moja, ikaisha. 22 kwa 22.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Komeo aliinama pale golini, mikono magotini, akalia waziwazi, mtu mzima mwenye mvi. Kisha akaja moja kwa moja kwangu. Nikafumba macho ningoje ngumi. Akavua jezi yake imelowa chapachapa, akaniwekea mikononi, akasema kwa upole, shemeji, ungetulia tu. Akaondoka kifua wazi. Roho iliniuma. Niseme ukweli, iliniuma sana, na hata sasa naandika jezi yake ikiwa mapajani kwangu.

Mke wangu amepiga. Mama ameniona, picha ilikuwa safi kabisa. Ameuliza yule bwana anayembusu mtunza saa ana matatizo gani, halafu akanyanyuka akaizima televisheni mwenyewe.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Nyumbani. Mzigo wangu umepatikana, ulikuwa hapa uwanja wa ndege muda wote.

Leo mkurugenzi wa michezo alituita. Tuliketi kama watu wanaongoja kusomewa hukumu. Alichezea kofia ya kalamu. Akasema sare si ushindi. Mshale akainamisha kichwa. Akasema lakini ni mara ya kwanza timu hii imeingia uwanjani, wapinzani wakiwepo, na ikatoka bila kufungwa. Akasema na yeye ameiona ile mechi, na kwamba alisimama kwenye kiti. Anatupa mashindano mengine. Mara moja tu, ya mwisho kabisa.

Komeo alifunika uso kwa viganja. Halafu akasimama, akasema hastaafu. Amefika pale mlangoni kabisa, amesikia harufu ya ushindi, hawezi kurudi nyumbani hivi hivi. Atadaka mwaka mmoja zaidi hata kama ni kwa magongo. Mama Kocha akampigia makofi, na mimi nikapiga, ingawa nilipoanza wengine waliacha.

Mkurugenzi ametoa sharti moja: mimi nisionekane tena kwenye benchi la timu. Mkandaji akauliza kama hilo linaweza kuandikwa.

Basi nimerudi nyumbani, nimekaa, nimelitafakari suala zima kwa utulivu, bila hasira wala kujipendelea. Kosa nimeliona. Kadi niliiweka nimechelewa. Ningeiweka mapema zaidi, Mshale asingeruka, goli lisingeingia, na goli lisiloingia nani atalikataa? Shida yote ni kwamba kati ya mtu mwenye kadi na ile honi kuna mtu mwingine anayebonyeza. Mtu yule ni mzito.

Kwa hiyo mchana huu nimekwenda kujiandikisha mafunzo ya watunza saa. Wao hawakai benchi, wanakaa mezani, na sharti la mkurugenzi halikutaja meza. Mwalimu amenijaribu, amesema nina kidole chepesi kupita kiasi. Komeo bado sijamwambia. Nataka afurahi siku ya mechi yenyewe, akigeuka tu, anione.