Goti la Kushoto, Goti la Kulia

Jumatatu, 6 Oktoba
Akili imefanya kazi! Ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini imo katika nyumba ya kale, na ngazi zake zimesimama wima. Mimi niko juu, kwenye fukuto. Tony yuko chini, dirishani, anapigwa na upepo kama sultani. Ana nini Tony? Basi nimemwambia Bi Ketty, mkubwa wetu, kwamba goti la kushoto linaniua, ngazi siziwezi tena. Akanihurumia hasa. Nitahamia chini, mahali pa Tony, naye apande juu, ila kwanza nikapimwe na binamu wa Bi Ketty mwenyewe, Daktari Zein. Binamu! Hilo sikulipanga.

Jumanne, 7 Oktoba
Mazoezi ya kuchechemea, kule ufukweni Mama Ngina, mbali na macho ya jirani zangu wa Kibokoni. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye viazi karai. Nikala, nikajisahau, nikarudi nikichechemea mguu wa kulia. Ajabu, huo ulichechemea wenyewe. Kipaji! Mke wangu Mejumaa akauliza mbona goti la kulia halinyooki tangu nilipoteleza bafuni. Nikamwomba asinivuruge. Goti letu ni la kushoto.

Alhamisi, 9 Oktoba
Aibu, kisha neema.

Daktari Zein ni mpole, na hapo ndipo nilipoponzeka. Akanitembeza chumbani. Akasema nivue suruali. Lo! Nilikuwa na bukta yenye picha za ndizi. Akayatazama magoti yote mawili nikiwa nimesimama, mbele na nyuma, kisha akanilaza. Nikamsogezea la kushoto. Akasema ataanza na lile zima, apate kujua goti langu la kawaida likoje. Nikamwambia asijisumbue.

“Magoti hupimwa yote mawili, Bwana Chonga. Tulia.”

Akaligusa la kulia kwa mgongo wa mkono. Lina joto. Akakamua kutoka pajani kushuka, akabonyeza pia ya goti. Ikazama, ikaibuka, kana kwamba inaelea. Kuna maji. Akalikunja, akashika wayo, akauzungusha taratibu. Nilimwita mama yangu kwa jina lake la utotoni!

Akahamia la kushoto. Akalivuta, akalisukuma, akalikunja mpaka kisigino kikagusa kalio. Mimi nimesahau hata kulalama.

“Ulilolileta ni zima,” akasema. “Hili jingine, nadhani gegedu la ndani limechanika. Tutalipiga picha. Lingeweza kukwama ghafla ukiwa ngazini.”

Nikatokwa na machozi. Kila siku nampandisha mwanangu Menza mgongoni, ngazi za nyumbani, tukiimba. Nikamwambia daktari ukweli wote. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Akasema uongo wangu ameusikia, lakini goti la kulia halisemi uongo, na yeye anatibu goti.

Mwenyezi Mungu amzidishie.

Jumatatu, 13 Oktoba
Picha imethibitisha. Barafu, mazoezi ya paja, ngazi marufuku. Upasuaji utangoja kwanza. Nimefika ofisini, meza yangu iko chini dirishani! Tony ameibeba peke yake, na ameniwekea mto wa kuegeshea mguu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Si unaumwa, ndugu yangu?” Nikauweka mguu juu ya mto. Nyumbani Mejumaa ananikanda, hajanisimanga hata mara moja. Menza anapanda ngazi kwa miguu yake na kunipungia mkono kutoka juu. Nina watu, wallahi. Sistahili.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nashukuru bado. Lakini jua la mchana linaingia dirishani moja kwa moja! Na huko juu Tony amefungiwa feni mpya, nasikia inavuma. Ana nini Tony? Leo nimepepesa macho mbele ya Bi Ketty, kwa unyonge. Nikasema mwanga unanichoma. Akasema pole, ana binamu mwingine, wa macho. Nimemshukuru sana. Nimebakiza tu kuchagua jicho.