Kuomba Mchezo wa "Mwalimu Amesema" Upigwe Marufuku

Kwa Mwalimu Mkuu Gervas,
Shule ya Msingi ya kijijini kwetu,
Uluguru, Morogoro.

YAH: MCHEZO WA "MWALIMU AMESEMA" NA MADHARA YAKE KWA WAZEE

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Salamu nyingi kutoka huku juu mlimani. Sisi hatujambo, maharage yamekubali, ila ukungu tu ndio unaotusumbua. Baada ya hayo naomba unisikilize, maana mambo yamenifika shingoni.

Mimi ni Mwinshehe, mjomba wa Shakila wa darasa la tano. Wewe ni mgeni huku, basi nikukumbushe: kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba akisema, neno limekwisha. Ndivyo ilivyokuwa, hadi alipokuja Mwalimu Cecilia na michezo yake ya kufundishia.

Nimeelezwa mchezo wenyewe uko hivi. Akisema, "Mwalimu amesema, onyesheni nusu ya kumi," watoto wananyoosha vidole vitano. Akisema tu, "Onyesheni nusu ya kumi," mtoto hatakiwi kutikisika. Akitikisika anapigiwa kelele, "Umetoka!" na anakwenda kukaa pembeni. Sina ugomvi na nusu ya kumi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shakila hanisikii tena. Namtuma maji, anasimama wima kama mlingoti, anatabasamu kwa adabu zote, anangoja. Anangoja nini? Niseme "Mwalimu amesema"! Mimi, mzee wa miaka sitini na mbili, na ndevu zote hizi, nitumie jina la binti wa juzi kutoka Ngerengere ili nipate maji ya kunywa! Nilikataa siku mbili. Ya tatu kiu ikanishinda, nikasema. Maji yalifika kabla sijafunga mdomo.

2. Maradhi haya yamehamia kwa mke wangu. Juzi nilimwambia aniletee chakula. Alipoinuka tu, watoto wote wa nyumbani wakapaza sauti: "Umetoka!" Naye, bila hata haya, akaenda kukaa pembeni. Alikaa huko mpaka tukalala, na kulipokucha akarudi palepale, akidai yeye sheria hakuitunga. Ugali nilisonga mwenyewe, na nakuhakikishia, Mwalimu Mkuu, ule haukuwa ugali.

3. Mkutano wa kitongoji umevunjika. Mwenyekiti aliomba walio tayari kuchimba barabara wanyooshe mikono. Ikanyooka kama ishirini hivi. Watoto waliokuwa dirishani wakawacheka wazazi wao, kwamba mbona Mwalimu hajasema? Mikono yote ikashuka. Wengine, nawajua kwa majina, waliishusha kwa furaha kabisa. Sasa mvua hizo zinakuja na barabara ni ileile. Tukiendelea kuuchekea mchezo huu, kesho nchi nzima itaongozwa na Mwalimu Cecilia.

4. Watoro wamerudi shuleni. Zamani nikitaka watoto wa kunibebea ndizi siku ya gulio, nilijua pa kuwakuta: mtoni. Siku hizi mtoni hakuna mtu. Hata samaki wanashangaa.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Binamu yangu Hafidha wa Kihonda, huko Morogoro mjini, amejifungua mapacha na anataka msichana wa kumsaidia kazi. Nikamwahidi kwamba nitampelekea Shakila. Mama yake, dada yangu Mwanaasha, alilia sana, lakini mjomba ameshasema. Shule si ipo tu, haihami? Na kwa kuwa mtoto ana akili, huko atahesabu chupa za maziwa. Nimemwambia mara tatu afunge nguo zake. Mara tatu amesimama wima, anatabasamu. Neno langu limeshafika Kihonda, nami nimebaki huku naadhirika.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama mchezo ufutwe, ama Jumatatu, watoto wakiwa mstarini, Mwalimu Cecilia atamke mara moja tu: "Mwalimu amesema, Shakila nenda Kihonda." Haitamchukua hata dakika.

Nisalimie walimu wote, mama watoto wako, na yule mama anayepika uji. Mwalimu Cecilia naye msalimie, ila si sana.

Wako katika malezi, ingawa yanaelekea kunishinda,
Mwinshehe (mjomba)

NB: Hayo ya juu niliyaandika jana. Nikaona Jumatatu ni mbali. Leo asubuhi nimemwambia Shakila mwenyewe kwamba Mwalimu amesema, afunge nguo aende Kihonda. Tabasamu likafutika. Hakubisha. Alikunja sare yake, akaiweka juu ya madaftari, akafunga vinguo vyake kwenye kanga ya mama yake, akaja kuniaga. Aliniuliza jambo moja tu: amekosea wapi, mpaka Mwalimu akamtoa?

Wallahi! Tangu nizaliwe sijapata kuona aibu kama ile. Nikamwambia Mwalimu hakusema, nimesema mimi, na nimesema uongo.

Hafidha atafute mtu mzima. Malalamiko yote nayafuta, isipokuwa la pili, maana mke wangu bado amekaa pembeni. Barua hii anakuletea Shakila. Amechelewa kwa sababu yangu. Msimuulize kitu, mwacheni aingie darasani.