Kampuni Inayonunua

Jumatatu, 3 Machi 2025. Grand Prairie, Texas.
Nimepata siri! Lévi, Mkongo anayepeleka vyakula maofisini, anasema wakubwa na mawakili wa kampuni mbili za chipu za kompyuta wanakula pamoja tangu wiki jana. Torvex itainunua Lumibit. Nikamuuliza amejuaje. Akasema mawakili hula sana kukiwa na jambo.

Jumanne, 4 Machi.
Nimepima. Hisa za kampuni za simu: zimelala. Gawio la kununulia soda. Onyancha, mwenyekiti wa kikundi chetu cha uwekezaji kanisani, amezikumbatia miaka yote. Mimi chipu! Lakini Torvex au Lumibit? Torvex. Anayenunua ana nguvu, anayenunuliwa kaishiwa.

Jumatano, 5 Machi.
Nimenunua. Pesa ni za tiketi ya mama mkwe, anayekuja kutoka Bukoba mke wangu Clara atakapojifungua. Zitarudi zimenenepa. Clara yuko kazini, zamu ya hospitali. Sikutaka kumsumbua.

Alhamisi, 6 Machi.
Nimemdokeza Onyancha, kumrusha roho tu. Akasema taratibu kwamba mara nyingi hisa za mnunuzi hushuka, za anayenunuliwa ndizo hupanda. Wivu! Mwaka huu uenyekiti ni wangu.

Jumatatu, 10 Machi.
Imetangazwa! Torvex imeinunua Lumibit! Nimeshangilia kazini ghalani mpaka msimamizi akaja. Kisha nikafungua simu. Lumibit imepaa. Torvex imeporomoka. Eti imelipa ghali mno. Nimezima simu, nimewasha. Bado.

Jumanne, 11 Machi.
Clara ameuliza habari ya tiketi. Nimemweleza hali ya chipu duniani, kwa chati. Amesikiliza mpaka mwisho, mkono tumboni. Kisha: "Wilbroad, mama yangu anakuja au haji?"
Nikafungua chati nyingine.

Jumapili, 16 Machi.
Mama mkwe anakuja. Clara alimweleza Onyancha. Onyancha akauza hisa zake kadhaa za simu, akakata tiketi. Kanisani akanisalimia kama kawaida. Hilo ndilo limeniuma. Kwenye uchaguzi wa mwenyekiti kapita tena bila kupingwa. Hata mimi nilinyoosha mkono. Clara alikuwa ananitazama. Nywila ya akaunti ya hisa ameshaibadilisha.

Jumatatu, 17 Machi.
Nimetafakari. Kosa ni la soko. Nani mwingine Texas nzima alijua mapema kama mimi? Kipaji hiki si cha kukaa nacho ndani. Jumamosi naenda Houston, kwenye maghorofa ya mtaa wa Gulfton wanakoishi wahamiaji wenzetu, kuendesha semina ya hisa. Khalfan, mwenyeji wangu huko, ameuliza kama nina uzoefu.
Nimemwambia ninao. Tena wa juzi juzi.