Malalamiko Kuhusu Kurekebisha Kosa Moja Tu kwa Mjukuu Wangu

Ndalahwa Maige,
Usagara, Misungwi.

Kwa Mkurugenzi,
Utafiti wa Tiba ya Selimundu kwa Kuhariri Vinasaba,
Mwanza.

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima zote, ila nimekasirika. Mimi ni mfugaji hapa Usagara. Mjukuu wangu, Favour Ayoo, ana selimundu. Maumivu ya mifupa yakimshika hata shuka linamuumiza, na mimi nikisikia analia natoka nje kukagua ng'ombe ambao nimeshawakagua. Kwa hiyo msidhani nafanya mzaha.

Daktari wenu, Gladness Masele, alikuja nyumbani kutueleza kwamba mtachukua seli kwenye uloto, ndani ya mifupa ya mtoto, mzirekebishe maabara, kisha mmrudishie zikatengeneze damu nzuri. Wakwe zangu wa Shirati, ukoo wa Mzee Okomo, walikubali kabla chai haijapoa. Lakini binti yangu Dorcas, mama wa mtoto, amesema hampeleki mpaka baba yake aseme ndiyo. Bado sijasema, na sababu zangu ni hizi:

1. Mnarekebisha kosa moja tu. Fundi akifungua injini ya pikipiki kwa ajili ya ringi, akakuta na plagi imechafuka, anaiacha? Huyu mtoto ana mambo kadhaa ya upande wa Okomo ambayo mngeyamaliza humo humo. Anacheka kicheko cha babu yake huyo, kile cha kushtua mifugo. Mwaka jana dume langu lilivunja zizi kwa sababu hiyo. Pia anakula kichwa cha sato mpaka macho, halafu akipewa maziwa ya mgando anakunja uso kama amepewa dawa. Mjukuu wa Maige!

2. Nilipomweleza daktari hayo, alinijibu kwa upole kwamba marekebisho ni ya damu tu, hayagusi kicheko wala ulaji. Hilo si jibu. Mimi bila maabara nimeondoa pembe zilizopinda kwenye zizi langu kwa kuchagua madume. Ninyi wenye mashine zinazowashiwa kiyoyozi mnashindwa na kicheko?

3. Akaongeza kwamba hata Favour akipona, watoto atakaowazaa bado watarithi kinasaba kile kile chenye kosa kutoka kwake. Maana yake chanzo mmekiacha. Chanzo ni baba yake, Okech. Naomba naye aingizwe maabara. Akitoka, mwingizeni Mzee Okomo mwenyewe, ambaye siku ya mahari alicheka mpaka mshenga akasahau alipofikia. Mkiona kazi inakwenda vizuri, malizieni na ukoo mzima. Mimi nitawapokea stendi na kuwaonyesha njia.

4. Jina. Wao walimwita Ayoo kwa kuwa alizaliwa njiani, kwenye foleni ya kivuko pale Kamanga. Mimi nilitaka aitwe Kabula, kama mama yangu. Kama jina nalo limo kwenye vinasaba, liangalieni.

5. Hili ndilo limenichoma hasa. Daktari anataka damu yangu na ya mke wangu Tereza, eti mtoto hapati selimundu mpaka arithi kwa baba na kwa mama pia. Mimi! Akina Maige tumelima pamba na kuswaga ng'ombe tangu enzi za mababu. Haya ni mambo ya watu wa samaki. Kama kweli Dorcas amebeba kitu, basi amekitoa kwa mama yake, maana kwao ni Ukerewe na utotoni alikula samaki wadogo wa furu bila mpangilio. Tereza aliposikia hivyo hakubishana, alijifunga kitenge akaenda kupima. Mimi nimekataa, kwa sababu sioni haja ya kumtoboa mtu asiye na hatia.

Naomba haya yashughulikiwe mapema, kwani kliniki ni Jumatatu na mtoto hawezi kuendelea hivi. Nisalimieni Daktari Gladness, walinzi wa getini, yule mama wa mapokezi aliyemshika Favour mkono siku ya sindano, na wote wanaoosha vile vichupa vya damu.

Ni mimi, mwenye damu isiyo na mashaka,

Ndalahwa Maige

N.B. Kabla sijafunga bahasha, majibu yametoka. Dorcas amebeba kinasaba hicho. Tereza hana kitu. Mimi ni mfugaji, najua ndama hatoki hewani, kwa hiyo msinilazimishe kueleza zaidi. Nimemwambia Tereza kwamba nitakuja kupima. Tangu hapo anajifanya ana kikohozi ili nisione anavyonicheka.

Jambo la pili. Wiki hii Favour alishikwa tena na maumivu, vibaya sana, akawa hata kuongea haongei. Leo asubuhi amekunywa uji, akatoka nje kwa kujikongoja, akaniona nimepigwa teke na ndama hadi nimekalia ndoo ya maziwa. Akacheka. Kile kile cha Okomo. Ng'ombe wote wametimka mpaka njia panda, nami nimewafuata nikilia kwa furaha mbele ya watu wanaonifahamu.

Jumatatu tunakuja wote, na Okomo nimemwalika. Rekebisheni lile kosa moja tu. Kicheko msikiguse.