Shati Lisilo na Mgongo

Jumatatu, 3 Februari

Fukuto. Sisemi joto, nasema fukuto. Joto lina adabu, huja saa sita na jioni likaaga. Fukuto linalala na wewe na kuamka na wewe. Chumvi imekuwa jiwe ndani ya kopo. Mlango wa kabati umevimba, haufunguki. Viatu vyangu vya sherehe vimeota ukungu, na wala sikumbuki lini mara ya mwisho nilialikwa sherehe.

Yote hayo ningeyavumilia kama ningeruhusiwa kukaa kifua wazi. Mtu kukaa kifua wazi ndani ya nyumba yake, ameomba nini kikubwa? Lakini wapi! Mama mkwe yupo. Alikuja kutusalimia siku mbili tatu. Hiyo ilikuwa mwaka jana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa, lakini nani amewahi kumpa mama mkwe jembe akabaki na mke?

Mimi ni fundi cherehani na sebule ndiyo karakana yangu. Cherehani upande huu, mama mkwe upande ule, feni katikati. Feni inamtazama yeye. Kutwa nzima nimevaa shati la mikono mirefu, vifungo hadi kooni, kwa amri ya mke wangu, kwamba mkwe haoneshwi kifua. Leo jasho limedondokea koti la bwana harusi. Nimemwambia mteja ni maji ya pasi.

Mke wangu anasema tuvumilie. Eti tuvumilie! Yeye ni mtoa dawa zahanati, anashinda kwenye chumba chenye kiyoyozi ili vidonge visiharibike. Vidonge! Nilipomuuliza kama mimi si bora kuliko kidonge, akajibu kwamba kidonge angalau kinatuliza maumivu.

Na kinyozi wa ng'ambo ya barabara ameshinda kifua wazi mlangoni kwake, kitambi kimelala mapajani, akinipungia mkono. Makusudi yule!

Jumanne, 4 Februari

Dawa ya tatizo hili ni mwanyumba wangu. Yeye ameoa dada mkubwa, mimi nimeoa mdogo, kwa hiyo mkwe ni wetu sote. Ni mhandisi. Kila mtu anamwita Mhandisi, hata mkewe. Ana kiyoyozi sebuleni na kingine kwenye chumba cha wageni. Chumba cha wageni hakina mgeni! Mgeni yuko kwangu!

Leo nimeanza kumpigia mama debe la kuhama. Taratibu, kwa upendo. Nikasema kwa Mhandisi watu wanajifunika blanketi mchana. Nikasema pale hata nzi hatoki jasho. Mama akasikiliza vizuri. Kisha akasema baridi ya mashine inaingia magotini, na kwamba kule hushinda peke yake akitazamana na ukuta, lakini hapa ana mtu wa kuzungumza naye. Mtu huyo ni mimi. Nimejipalia makaa kwa kuwa msikivu.

Halafu akajifunga shali yake vizuri. Hapo ndipo nilipotaka kulia. Mama yule hasikii joto! Gauni zito hadi vifundoni, sweta, shali, kitambaa cha kichwa, soksi. Soksi, Februari! Ameihodhi feni yangu na wala haihitaji. Wengine tumeumbwa kwa udongo, wengine kwa zege.

Niliigeuza feni kwa kidole cha mguu, kidogo tu. Akauliza kama imeharibika. Akainuka, akairudisha.

Jumatano, 5 Februari

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na leo zangu zimesimama!

Nilikuwa nashona kizibao cha suti ya yule bwana harusi. Kizibao mbele ni kitambaa cha maana, nyuma ni bitana tu, kile kitambaa chepesi cha ndani, kwa sababu nyuma kinafunikwa na koti na hakuna anayetazama. Nimeshona vizibao maisha yangu yote bila kufikiri. Leo nikasimamisha cherehani. Kama nyuma hakuna anayetazama, nyuma ya nini?

Nikachukua shati langu jeupe nikalikata. Mbele lina kila kitu: kola, vifungo, mfuko, mikono mirefu na vifungo vyake. Nyuma hakuna kitu. Tepe tatu za kufungia, basi. Kuna watu hawana mbele wala nyuma. Mimi mbele ninayo.

Nimehamisha cherehani, sasa uso wangu unatazama sebule na mgongo umeelekea dirisha. Raha iliyoje! Kila upepo unaopita barabarani unanigusa. Nimepiga mluzi. Mama mkwe akauliza kama nimepata habari njema.

Shida ni moja, kutoka. Siwezi kumpa mgongo. Kwa hiyo nikitaka maji au choo, nainuka, nainamisha kichwa, naondoka kinyumenyume hadi mlangoni. Mara ya kwanza nimekanyaga ndoo. Mara ya pili nimetoka vizuri kabisa.

Alhamisi, 6 Februari

Sikulifikiria dirisha. Kinyozi ameniona. Akavuka barabara, akaja kusimama nyuma yangu nje, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amenichuna. Nikamwambia ashughulike na vichwa vya watu. Akasema yuko tayari kumweleza mama alichokiona. Sasa nina suruali zake mbili za kupunguza, bure, na anataka pindo safi. Mtu mwenye kitambi nje kutwa anamtoza mwenzake kwa mgongo! Haki iko wapi?

Lakini kubwa si hilo. Jioni mke wangu aliporudi, mama akamkalisha chini. Nikasikia yote kutoka ukumbini. Akamwambia kwamba umri wote aliokula hajaona mkwe wa namna hii. Mkwe anayeondoka mbele ya mama mkwe bila kumgeuzia mgongo! Akasema marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimwacha mama yake kwenye kiti na kuondoka kama anayetoka sokoni. Sauti yake ilikuwa na machozi.

Mke wangu akaja ukumbini kunitazama. Akanizunguka. Akauona mgongo. Akaegemea ukuta akijiziba mdomo kwa mkono, na sikujua kama analia au anacheka. Mwishowe akasema ujanja utaniua, na kwamba kesho nivae shati la binadamu. Nikamwuliza kama anataka kumvunja moyo mama yake. Akaingia jikoni! Mara ya kwanza tangu tuoane neno la mwisho kuwa langu.

Ijumaa, 7 Februari

Mama ameshinda kwenye simu. Amewapigia dada zake, amempigia shangazi wa mke wangu, amempigia Mhandisi. Kila mmoja ameelezwa habari ya mkwe asiyetoa mgongo.

Mhandisi akanipigia. Alikuwa na hasira, nami nilizifurahia zote. Alitaka kujua huu upuuzi wa kutembea kinyumenyume nimeutoa wapi, kwa sababu mama amemwambia ajifunze kwangu. Ajifunze kwangu! Yeye mwenye viyoyozi viwili! Miaka yote kwenye vikao vya ukoo ni Mhandisi amesema, Mhandisi ametoa, Mhandisi amejenga. Mimi hukumbukwa zipu ikikatika. Nikamjibu kwa upole kwamba heshima haisomewi chuoni.

Akasema Jumapili wanakuja wote.

Mke wangu amenisihi. Amesema Jumapili nyumba itajaa, nivae shati zima, siku moja tu, sitakufa. Nikamweleza kwamba watu wengi ni joto zaidi, na kwamba askari hatupi silaha siku ya vita. Tena nimeshona jipya, la bluu, na nitafunga tai. Ameniambia kuna jambo anataka nijue kuhusu mama yake. Nikamwambia ninalijua, mama yake ananipenda. Akatikisa kichwa, akaenda kulala.

Jumapili, 9 Februari

Jasho linadondokea daftari. Naandika hivyo hivyo.

Walifika kabla ya saa sita. Mhandisi na suti ya vipande vitatu, mkewe, shangazi. Fukuto la kufa mtu, mbingu imefunga lakini mvua haitaki kushuka. Shangazi akasema anatafuta upepo, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti changu cha dirishani. Kiti changu! Wengine wakapanga viti duara, mama mkwe mbele kabisa. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya duara sina ukuta wa kuuegemea. Nikawa natembea ubavu kama kaa, nagawa maji kwenye trei, kila nikihisi jicho nyuma nageuka. Shangazi akauliza kama nina kizunguzungu.

Nikafanikiwa kuukaribia mlango. Nikainamisha kichwa, nikaanza kutoka kinyumenyume na trei tupu. Mama akamgusa dada wa mke wangu begani, atazame. Raha niliyoisikia sekunde ile, sijui kama nitaisikia tena.

Kumbe Mhandisi naye ameinuka! Hakutaka kushindwa. Ameinamisha kichwa kuliko mimi, naye anatoka kinyumenyume, kuelekea mlango ule ule, mkono wake mmoja uko nyuma unapapasa kizingiti. Haukupapasa kizingiti. Ulipapasa mgongo wangu, mtupu, umelowa chapachapa.

Akapiga yowe ambalo mtu mwenye shahada hapaswi kulipiga. Akavuta mkono. Saa yake ilikuwa imenasa kwenye tepe. Tepe zikakatika zote tatu, shati likaporomoka mbele likaning'inia kwenye mikono yangu, juu ya trei. Nikabaki mbele ya mama mkwe, kifua wazi, na tai.

Mke wangu alifumba macho. Mimi nikajua yamekwisha. Mama ataondoka kwa hasira, ndoa itatikisika, lakini nakiri hapa kwamba katikati ya aibu ile moyo mmoja uliniambia: ataondoka!

Mama akainuka. Akaja polepole, akaliinua shati, akaligeuza huku na huku. Akauliza kama nilikuwa navaa hivi tangu Jumatano. Nikaitikia. Akauliza kama ni kwa ajili ya joto. Nikaitikia. Basi akavua shali. Akavua kitambaa cha kichwa. Akavua sweta. Akakaa, akavua soksi, moja, ya pili, akazitupa chini ya kiti kwa nguvu.

Akasema amekuwa akifa. Kila siku akifa! Akasema mama mkwe hawezi kukaa na kigauni chepesi mbele ya mume wa mwanawe, ndiyo maana alijifunga kama mzigo, na jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye soksi. Akasema alishashindwa. Alishamwambia mke wangu kwamba leo anaondoka na Mhandisi, magoti na yaume, kule angalau ana chumba chake atakachojifungia avae anavyotaka. Begi lake lilikuwa tayari nyuma ya mlango. Nikatazama. Lipo. Limefungwa na zipu.

Nilimtazama mke wangu. Hilo ndilo jambo alilotaka nijue.

Mama akaendelea kwamba sasa hakuna haja. Kumbe ana mkwe fundi, mwenye akili. Nimshonee gauni, mbele la heshima, nyuma hivi hivi, tepe tatu. Akishalipata hana sababu ya kwenda popote, atakaa nasi mpaka Mungu amkumbuke. Shangazi akasema na yeye anataka moja. Mhandisi akalibeba begi mwenyewe kulirudisha chumbani. Alikuwa anatabasamu yule mtu! Sijawahi kumwona akibeba kitu kwa furaha vile.

Nikaomba, kwa adabu zote, kwamba basi kwa kuwa tumeelewana, na mimi niendelee hivi nilivyo. Mama akaniangalia kifua, akageuza uso. Akasema yeye ni mtu mzima, umri umemruhusu. Mimi bado ni mkwe, nikavae shati. Lenye mgongo.

Jumanne, 11 Februari

Nimemaliza gauni la mama. Limemkaa vizuri, sifa kwa fundi. Amekaa mbele ya feni, mgongo nje, anaimba. Amesema hajalala usingizi mzuri hivi tangu aje. Mimi nimevaa shati zima na fulana ndani yake. Fulana ni nyongeza ya mke wangu, anaiita adhabu. Asubuhi kabla ya kwenda kwenye vidonge vyake ananisimamisha mlangoni, ananigeuza, ananikagua mgongo kama anayenunua ng'ombe. Anapapasa mishono! Nimedhalilika katika nyumba yangu.

Shangazi ametuma watu wake. Kila mtu anataka gauni la nyuma wazi. Mji mzima utapoa isipokuwa mimi, niliyevumbua. Hii ni haki gani?

Lakini leo nikiwa nimekaa kwenye cherehani nimegundua kitu. Meza ya cherehani inanifunika kuanzia kiunoni hadi chini. Mke wangu anakagua juu tu. Mama anatazama feni. Na kiti changu ni cha plastiki, kina matundu, upepo utapanda wenyewe.

Suruali nimeshaikata. Mbele ina zipu, mifuko, mstari wa pasi, heshima yote. Nyuma tepe mbili. Kesho mke wangu akishaondoka, naivaa. Safari hii haina kasoro hata moja, maana fundi hushona akiwa amekaa.